Uanagenzi wa Kunasa Sauti Katika Mwambao wa Nkome

Nkome ni kata ya wilaya ya Geita iliyokaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na wasafiri watokao mbali, wakiijua, huijua kwa sababu moja tu, kwamba hapo ni pahala pa kupandia mashua ziendazo kisiwa cha Rubondo. Wakaazi wake wanaijua kwa mengine. Wazinza, ambao nchi hii ilikuwa yao tangu kale; Wasukuma, waliohamia na ng'ombe wao na majembe yao; Wakerewe na Wajita, waliofuata samaki; na watu wa makabila mengine waliovutwa na sifa ya dhahabu ya Geita, wote hao hukutana mwaloni, ambako dagaa huanikwa juani na sangara hutiwa katika mizani, na ambako ni shida kupita vibanda vitatu vya biashara pasipo kusikia muziki. Sehemu kubwa ya muziki huo hutoka Dar es Salaam, kama mtu atakavyotazamia. Lakini sehemu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonishughulisha, imenaswa si mbali na hapo, Geita mjini, Katoro, Sengerema au Mwanza, ndani ya chumba cha nyumba ya kawaida, na kijana ambaye aghalabu hakuisoma fani hiyo katika chuo chochote.

Nia yangu ni kusimulia jinsi mambo yalivyofika hapo. Kwa zaidi ya nusu karne watu wa nchi ya ziwa walikaa upande mmoja wa maikrofoni, upande wa kuimba, na upande wa pili, wenye mashine, ulikaliwa kwanza na wageni wenye udadisi, kisha na watumishi wa serikali, kisha na wachache wa mijini waliomiliki vyombo vya thamani. Na programu ya kompyuta ilipokuja iliwavusha watu hao kwa ghafla, bila ya kuwapitisha katika hatua hata moja ya zile zilizotangulia. Taabu wanayoipata wanagenzi wa leo, waketipo mbele ya kioo kilichojaa vitufe, asili yake ni huko.

Thomas Edison, Mmarekani, alifaulu mwaka 1877 kuifanya mashine irudie maneno yaliyosemwa mbele yake. Mwaka 1900 Wajerumani walianzisha mjini Berlin hazina ya sauti za mataifa, na baadhi ya wataalamu waliokuja katika koloni lao la Afrika Mashariki wakachukua fonografu pamoja na mahema na dawa zao. Karl Weule aliitumia kusini mwa nchi mwaka 1906. Na mwaka 1909 Erich von Hornbostel akachapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, ndugu na jirani wa Wasukuma, alioufanya kwa kusikiliza mitungi ya nta. Mwimbaji aliinamia pembe, sauti yake ikatikisa sindano, sindano ikachora nta, na baada ya dakika chache mtungi ukawa umejaa na wimbo ukakatwa pale ulipofika, hata kama ngoma ilikuwa ndiyo kwanza imekolea. Ufundi wote wa mwimbaji katika mashine hiyo ulikuwa ni kujua asogee wapi na aimbe kwa nguvu gani.

Pwani iliitangulia bara katika biashara ya santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari toka Unguja mpaka Bombay kuimba mbele ya mashine za kampuni ya His Master's Voice, na santuri zao zikaenea katika miji yote ya mwambao. Siti alirudi na sifa isiyo kifani. Mashine na ilimu yake vilibaki Bombay. Kwa watu wa ziwa, santuri zilifuata mishahara. Mgodi wa Geita ulifunguliwa katika miaka ya 1930 na ukafanya kazi mpaka mwaka 1966, na almasi za Mwadui, Shinyanga, ziligunduliwa mwaka 1940. Pahala ambapo mamia ya wanaume hulipwa fedha taslimu, gramafoni haikosi kufika, na pamoja nayo zile santuri za muziki wa Kuba ambazo kampuni hiyohiyo ilianza kuzitoa kwa ajili ya Afrika mwaka 1933 chini ya alama ya GV. Kwa hiyo sikio la nchi hii lilizoea muziki ulionaswa muda mrefu kabla ya mkono wake kuruhusiwa kugusa cha kunasia.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alizunguka Tanganyika na gari lake akinasa ngoma na nyimbo, na Usukuma ilikuwa katika safari hiyo. Namna alivyofanya kazi yastahili kutazamwa kwa karibu. Jenereta lake liliachwa mbali, nyuma ya waya mrefu, ngurumo yake isije ikaingia katika wimbo. Maikrofoni hakuisimamisha juu ya mti bali aliishika mkononi, akatembea nayo katikati ya wapigaji: wimbo ukiwa kwa mwimbishaji, aliisogeza kwake, waitikiaji wakiinuka, alirudi nyuma awapate wote, ngoma ndogo ikianza maneno yake, aliinama. Kazi ambayo leo hufanywa kwa vitelezi vya kioo, ya kupandisha sauti hii na kushusha ile, yeye aliifanya kwa miguu yake, na hapakuwa na njia ya kuirekebisha baadaye. Aliyoyanasa akayaweka katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Roodepoort. Tracey alikuwa mstahifu kwa muziki wenyewe, zaidi ya wengi wa zama zake. Lakini wapigaji walimwona akitembea na kile kitu mkononi mwake, na alipokwisha akakikunja akaondoka nacho.

Kisha ikaja redio. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, yakawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 yakawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa takriban miongo mitatu ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa bendi yoyote itakayo kusikika nchini. Bendi ya Tabora au Mwanza ilipanda gari moshi kwenda Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, ikaingia studioni, ikapangwa kwa masafa, tarumbeta nyuma, mwimbaji mbele, na wote wakapiga kwa pamoja toka mwanzo hata mwisho. Akikosea mpiga gitaa mmoja katika ubeti wa mwisho, wimbo mzima ulirudiwa. Fundi alikuwa nyuma ya kioo. Alikuwa mtumishi wa serikali, amefunzwa kazini na waliomtangulia, na alijua mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote: kwamba utepe ukisukumwa kidogo kupita kiasi chake sauti hunona badala ya kuharibika, na kwamba utepe ni ghali. Wanamuziki walitoka pale na wimbo, wala hawakutoka na ilimu. Waliotaka santuri walivuka mpaka kwenda Nairobi, ambako kampuni zilikuwa na mitambo ya kuzichapa, na huko pia kioo kilikuwa katikati yao na fundi.

Haya ya mijini nayapita upesi, maana yamekwisha kusimuliwa na wengi. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi, redio hizo zikahitaji nyimbo, na vijana wa Dar es Salaam wakafungua studio: Mawingu, MJ ya Joachim Kimario, ajulikanaye kama Master Jay, Bongo Records ya P-Funk Majani. Huko lilikuzwa jina la prodyuza, mtu mmoja aliye mtunzi wa biti, fundi wa mitambo na mwamuzi wa nani ana kipaji na nani arudi nyumbani. Mwanza nayo ikapata studio zake, na ya Tetemesha ya Kid Bway ikavuma hata nje ya mkoa. Uanagenzi katika nyumba hizo ulikuwa wa kukaa pembeni. Kijana aliruhusiwa kuketi kimya nyuma ya kiti cha prodyuza, kutumwa maji na chipsi, na kutazama mkono. Na aliyekuwa na bahati aliachiwa kompyuta usiku, mwenyewe alipokwenda kulala.

Na ndani ya kompyuta hiyo, ni nini walichokuwa wakikitazama? Programu hizi zina tarikh yake. Cubase ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, na mwaka 1996 kampuni hiyohiyo ikabuni njia ya kuingiza vyombo vya studio ndani ya kompyuta vikiwa maandishi matupu ya programu. Mwaka 1997 Didier Dambrin, wa kampuni ya Image-Line nchini Ubelgiji, akatoa kitu kidogo kilichofanana na mchezo wa watoto, safu chache za miraba za kupangia mapigo ya ngoma, akakiita FruityLoops. Mwaka 2003 kilipokuwa kimekua kupita jina lake kikaitwa FL Studio. Waliotunga programu hizo, na hasa Cubase na jamii yake, walikuwa wakiwahudumia watu ambao tayari walikuwa na studio. Kwa hiyo wakachora kwenye kioo vile vitu ambavyo watu hao walivijua kwa kuvigusa: meza ya kuchanganyia sauti yenye vitelezi na vinundu, mistari iliyolala sambamba kwa mfano wa njia za utepe, duara jekundu la kuanzia kunasa, sindano ya kupimia ukali wa sauti. Fundi wa London alipofungua programu hiyo aliikuta studio yake imepungua ukubwa tu. Mwanagenzi wa Geita anapoifungua anaonyeshwa picha ya nyumba ambayo hakupata kuingia, na kutakiwa aishi ndani yake. Sioni ajabu kwamba wengi huifunga siku hiyohiyo.

Wale wasioifunga huanzia kwenye ile miraba. FL Studio ya zamani hufunguka ikiwa imejiwekea mwendo wa mapigo 140 kwa dakika, na mbele ya kila ala pana miraba 16, minne minne; ukigusa mraba, ngoma hulia ifikapo zamu yake. Hapana njia nyepesi zaidi ya kumfundisha mtu biti, na ndani ya saa moja mwanagenzi atakuwa na kitu kinachotikisa spika. Lakini na ajaribu kupanga humo ngoma ya kwao. Katika ngoma nyingi za bara pigo moja hugawanyika mafungu matatu, au matatu na mawili yakashindana, na miraba iliyopangwa kwa manne haina pahala pa kuyaweka; kijana husikia kwamba kitu kimekwenda mrama, akadhani kosa ni la mkono wake, ilhali kosa ni la fremu. Dawa yake ipo, nayo ni kuipunguza idadi ya hatua ziwe 12, au kuiacha miraba kabisa na kuandika noti kwa mkono katika ukurasa wa kinanda. Ila haijui mpaka aambiwe na mtu. Nathubutu kusema kwamba biti nyingi zinazosikika kandokando ya ziwa zimekuwa za mapigo manne manne kwa sababu ndivyo miraba ilivyokuwa siku ile ya kwanza.

Pana mtego mwingine uliowaliza wengi. Nakala ya majaribio ya FL Studio hutolewa bure, na humruhusu mtu kufanya kila kitu na hata kuhifadhi kazi yake. Isichoruhusu ni kuifungua tena kazi hiyo mpaka programu inunuliwe. Mwanagenzi hushinda na biti mchana kutwa, huihifadhi kwa moyo mkunjufu, na kesho yake hukuta mlango umefungwa. Na toleo la bei nafuu, ukilinunua, lilitengeneza biti lakini halikunasa sauti ya mwimbaji. Ndiyo sababu, pamoja na zile nakala zisizo halali zilizokuwa zikipita toka flashi hata flashi, ilizoeleka katika studio ndogo kutunga biti ndani ya FL Studio na kunasa sauti ndani ya Cubase, yaani kujifunza nyumba mbili badala ya moja.

Mtazame sasa anapomweka mwimbaji mbele ya maikrofoni. Ukutani amebandika trei za mayai, kwa imani iliyoenea Afrika Mashariki nzima kwamba huzuia mwangwi; hufanya kazi hiyo kwa uchache mno, na godoro lililosimamishwa au mablanketi mawili mazito yangemfaa zaidi, lakini trei zina sura ya studio na wateja hupenda kuziona. Mwimbaji avaa hedifoni, biti yaanza, naye aimba, na sauti yake mwenyewe yamjia masikioni ikiwa imechelewa. Ajaribu tena, yachelewa tena, sasa ameanza kuimba polepole ili aisubiri. Kinachotokea ni hiki: kompyuta huikata sauti vipande 44,100 kwa kila sekunde, na haivishughulikii kimoja kimoja bali huvikusanya kwanza, tuseme 512 kwa pamoja, ambavyo ni muda wa sehemu 12 za elfu ya sekunde. Kompyuta iliyochoka haiwezi kwenda haraka hivyo, hukwaruza na kukatika. Mwanagenzi huambiwa aongeze mpaka 2,048, na sauti ikishaingia na kutoka, ucheleweshaji umekaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kitu kidogo kwa kila mtu asiyeimba. Steinberg ilitoa mwaka 1997 njia ya mkato iitwayo ASIO, na baadaye kikapatikana kiprogramu cha bure, ASIO4ALL, kilichoziwezesha kompyuta za kawaida kuitumia njia hiyo. Wako vijana wengi ambao hicho ndicho kitu cha kwanza kupakua, kabla hata ya kujua kitufe cha kusimamisha kilipo, kwa sababu aliyewatangulia alisema hivyo.

Na ikiwa mwimbaji ni mtu wa kufoka, rangi nyekundu yawaka. Mwanagenzi huifurahia, akidhani ni ishara ya nguvu. Ule unono wa utepe uliosukumwa, ambao fundi wa Barabara ya Pugu aliutumia kwa siri, haupo katika tarakimu: sauti ikivuka sifuri hukatwa kichwa, hubaki mkwaruzo, wala hapana chombo cha kukirudisha kikamilifu kilichokatwa. Kwa jambo hili ilimu ya zamani, hata kama ingemfikia, ingempotosha.

Lugha nayo ni kizuizi, ila si kikubwa kama wanavyodhani walioko mbali. Majina yote kwenye kioo ni ya Kiingereza, na wanagenzi walio wengi hawayatafsiri; huyajua kwa pahala pake na rangi yake, kitufe cha tatu toka kulia, kile cha chungwa. Tatizo huja programu inapobadilishwa sura katika toleo jipya, kitufe kikahama, na maarifa ya mwaka mzima yakapotea. Video za mafunzo za YouTube zimesaidia sana kwa yule awezaye kununua kifurushi. Lakini hufunza namna ya kufanya, na mara chache hufunza namna ya kusikia, jambo ambalo yule aliyekaa pembeni ya prodyuza alilipata bure.

Siwezi kuondoka bila ya kutaja Auto-Tune, kwa kuwa asili yake ina uhusiano wa ajabu na nchi ya migodi. Mtungaji wake, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kutafuta mafuta: kupeleka mawimbi ya sauti ardhini, kusikiliza yarudivyo, na kwa hesabu kutambua kilichofichika chini. Hesabu za jamii hiyo ndizo alizozitumia mwaka 1997 kutambua noti aliyoilenga mwimbaji na kumsogeza hapo. Noti zenyewe, hata hivyo, kwa kawaida ni zile 12 za kinanda cha Kizungu. Ala kama malimba na ndono za Kisukuma, na nanga ya Wakerewe na Wazinza, hazikupimwa kwa kinanda hicho, na mzee aliyekulia katika milio yake, akiimba kwa usahihi wake wote, huvutwa na programu kushoto na kulia kana kwamba amekosea kila neno. Prodyuza mwenye sikio huipunguza nguvu au huizima. Asiye nalo huiacha, na mteja kijana husema hapo ndipo wimbo umekuwa wa kisasa.

Faida iliyopatikana si ndogo. Radio Tanzania ilipendelea nyimbo za Kiswahili, kwa sababu za kujenga taifa ambazo sizilaumu. Studio hizi za vyumbani zimenasa nyimbo za Kisukuma kwa wingi, za harusi, za waganga, za kusifu ng'ombe na kusengenya viongozi, zikauzwa minadani na mialoni, kwanza katika kaseti na CD, kisha kwa kuingizwa kwenye memori kadi na flashi. Malipo ya mtunzi katika biashara hiyo ya kunakili ni kizungumkuti ambacho sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haikukimaliza. Tangu mwaka 2011 FL Studio ina toleo la simu, na mwanagenzi aweza kuanza bila ya kompyuta, kidole kikitafuta miraba iliyo midogo kuliko ukucha.

Mitungi ya nta ya Berlin ingali imehifadhiwa, na mwaka 1999 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa kumbukumbu za ulimwengu. Sauti alizozinasa Tracey ziko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, na tepu za Radio Tanzania ziko Dar es Salaam. Lakini atakaye kusikia wimbo ulionaswa katika chumba cha Katoro miaka 15 iliyopita, na mtu wa huko, kwa mkono wake, kwa mashine yake, hana budi kwenda kibanda hadi kibanda akiuliza nani angali na flashi ya zamani. Maana kompyuta iliyokuwa na kazi ile iliharibika au iliuzwa, na kabla ya kuuzwa ilifutwa, ili mnunuzi apate nafasi.